Kupe, Mwenyeji na Mrija: Mchezo wa Elite Usomwapo kutoka Geita

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuzipima kazi zilizoandikwa katika karatasi, na zile zinazoimbwa au kusimuliwa. Programu ya kompyuta haijapewa nafasi katika mizani hiyo, ijapokuwa nayo ni kazi iliyotungwa na watu, kwa lugha yenye sarufi yake, kwa mpango uliofikiriwa, na kwa mtazamo fulani wa ulimwengu. Aitungaye huchagua kitakachotajwa na kitakachonyamaziwa, kitakachopewa jina na kitakachohesabiwa tu. Palipo na uteuzi pana maana, na palipo na maana mhakiki hakosi kazi.

Kazi inayopimwa hapa ni Elite, mchezo wa biashara na vita vya angani uliotungwa na David Braben na Ian Bell walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ukachapishwa na Acornsoft mwezi wa Septemba 1984 kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani iitwayo BBC Micro. Toleo litakaloangaliwa hasa ni lile la mwaka 1985, lililoandikwa kwa ajili ya kompyuta hiyo ikiwa imeongezewa prosesa ya pili. Mahali pa kulisomea ni ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, kusini mwa Ziwa Viktoria. Mahali hapo hapakuteuliwa kwa bahati nasibu. Elite ni kazi inayouza na kununua dhahabu, vito na madini; yafaa basi isomwe mara moja pale ambapo vitu hivyo hutoka ardhini, ili ijulikane inasema nini juu yake, na nini haikusema.

Kabla ya kazi yenyewe hapana budi kueleza mtambo, kwa sababu umbo la mtambo limeingia katika umbo la kazi. BBC Micro ilianza kuuzwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge mwishoni mwa mwaka 1981. Namna yake iliyoenea ilikuwa na prosesa moja ya aina ya 6502 na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo ililiwa na picha ya kioo na mahitaji ya mtambo wenyewe. Waliounda kompyuta hiyo waliuona upungufu huo tangu mwanzo, wakaacha mlango upande wa chini wa mtambo. Kwa mlango huo mwenye kompyuta aliweza kuunga kisanduku cha pili, chenye prosesa yake yenyewe. Kisanduku cha 6502, ambacho Elite iliandikiwa, kilikwenda kasi zaidi kuliko prosesa ya nyumbani na kilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Kikisha kuungwa, kazi ziligawanyika. Mtambo wa kwanza ulibaki na kazi za mikono: kupokea vibonye, kusoma diski, kuchora kioo, kutoa sauti. Kisanduku kiliendesha programu yenyewe, yaani kilifikiri na kuhesabu.

Majina waliyoyatoa wahandisi kwa vitu hivi vitatu yastahili kuangaliwa kama maneno ya mshairi yanavyoangaliwa. Njia ya kupitishia habari waliiita Tube, yaani mrija. Mtambo wa kwanza waliuita mwenyeji. Kisanduku cha pili, kile chenye kufikiri, walikiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kiumbe aishiye juu ya mwili wa mwingine na kuunyonya. Kwa Kiswahili cha wanasayansi huyo ni kimelea. Kwa Kiswahili cha watu wote, hasa wa nchi ya wafugaji kama Usukuma, huyo ni kupe.

Njia ya Acorn haikuwa ya pekee. Mwaka 1980 kampuni ya Microsoft iliuza kadi iitwayo SoftCard, yenye prosesa ya Z80, ya kuchomekwa ndani ya Apple II, ambayo kwa asili ilikuwa na 6502. Kadi hiyo iliifungulia Apple maktaba nzima ya programu zilizoandikwa kwa mfumo wa CP/M wa Gary Kildall, kama WordStar ya kuandikia na dBASE II ya kutunzia orodha. Walakini uhusiano wa wawili hao ulikuwa wa namna nyingine. Katika Apple mgeni na mwenyeji walikaa chumba kimoja na kula sahani moja: kumbukumbu ilikuwa ile ile, na mmoja akifanya kazi mwingine alingoja zamu. Z80 ilipotaka kusoma diski iliirudishia 6502 zamu, maana 6502 ndiyo iliyozijua njia za nyumba. Katika BBC kila mmoja ana chumba chake na kumbukumbu yake. Wote wawili hufanya kazi kwa wakati mmoja, wala hawaonani ila kwa kile kinachopita katika mrija. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa hukumu ya makala haya itaitegemea.

Ama kuhusu Elite yenyewe, sifa yake ya kwanza ni upana uliotoka katika udogo. Mchezaji huanza na chombo kimoja cha angani na sarafu 100. Husafiri kutoka sayari hata sayari, akinunua bidhaa zilipo rahisi na kuziuza zilipo ghali, na njiani hupigana na maharamia. Makundi ya nyota ni 8, na kila kundi lina sayari 256. Jumla ni 2,048. Orodha ya sayari hizo zote pamoja na habari zake isingeingia katika kompyuta ile hata kidogo. Watungaji hawakuiandika. Kwa kila kundi walianza na namba 3, ambazo kwa pamoja hazizidi baiti 6, wakaweka kanuni za hesabu ambazo kwazo namba hizo huzaa nyingine, na hizo nyingine huzaa jina la sayari, serikali yake, uchumi wake na wakazi wake. Kanuni ni zile zile, basi sayari hazibadiliki: mchezaji akirudi hukuta mji ule ule aliouacha.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili haoni ugeni katika ufundi huo. Vina na mizani ni kanuni chache, nazo zimezaa tungo zisizohesabika. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Katika utenzi kanuni huamua umbo, na mtunzi huleta neno. Katika Elite kanuni huamua umbo na huleta neno pia. Matoleo ya diski na ya prosesa ya pili yana hata maelezo mafupi ya kila sayari, yaliyofumwa kwa vipande vya sentensi vinavyoingizwa ndani ya vipande vingine, mara nyingi kwa mzaha. Kwa sayari karibu zote hakuna aliyekaa akafikiri juu yake kisha akaieleza. Kilichofikiriwa ni jedwali la maneno yanayoweza kutokea. Kwa hiyo amtafutaye mtungaji wa Elite asimtafute katika sentensi moja moja. Amtafute katika majedwali. Humo ndimo alimoamua ni vitu gani vyaweza kuwapo katika ulimwengu wake, na vitu gani havitatokea kamwe hata sayari zingekuwa elfu mara elfu.

Prosesa ya pili iliipa kazi hii faida iliyo wazi. Katika toleo la diski la kompyuta isiyoongezewa kitu, sehemu ya soko na sehemu ya safari hazikuweza kukaa pamoja katika kumbukumbu. Kila chombo kilipotia nanga au kung'oa nanga diski ilisomwa upya, na ulimwengu ukakatika vipande viwili. Katika toleo la 1985 sehemu zote hukaa pamoja ndani ya kisanduku, na vyombo vya aina nyingi zaidi hutokea angani. Kazi imegawanywa kama mtambo ulivyogawanywa. Kisanduku hukokotoa mahali pa kila chombo na kila pembe yake, kisha hutuma kwa mrija miisho ya mistari. Mwenyeji huipokea na kuichora. Mambo haya yaweza kuthibitishwa na yeyote, kwa kuwa Mark Moxon ameufafanua msimbo wa matoleo ya Elite mstari kwa mstari, kama wahariri wanavyofafanua muswada wa kale.

Sasa na iangaliwe dhahabu. Soko la Elite lina bidhaa 17. Nyingi hupimwa kwa tani, nazo hujaza ghala la chombo, ambalo mwanzoni hubeba tani 20. Dhahabu na platinamu hupimwa kwa kilo, na vito kwa gramu. Na vitu hivyo vitatu havihesabiwi katika ujazo wa ghala. Mchezaji aliyejaza tani 20 za chakula aweza bado kuongeza kilo 200 za dhahabu, wala ghala halitaona tofauti. Katika ulimwengu huo dhahabu haina uzito.

Haina pia mahali itokapo. Kila sayari imepewa aina moja ya uchumi kati ya aina 8. Nne ni za viwanda na nne ni za kilimo, zikipangwa kwa kadiri ya utajiri. Hakuna hata moja ya machimbo. Bei ya dhahabu hutokana na tarakimu ya msingi, aina ya uchumi, na chembe ya bahati nasibu. Matoleo mapana yana miale ya kuchimbia, ambayo mchezaji huweza kuinunua. Huipasulia mwamba unaoelea angani, hukusanya vipande, navyo huingia ghalani kwa jina la madini basi. Dhahabu haitoki humo. Mahali pake ni soko. Na mchimbaji yupo kwa namna moja tu: ni mchezaji mwenyewe, mwenye chombo na silaha, apasuaye jiwe lisilo na mwenyewe wa kuulizwa.

Je, mtu afanyaye kazi kwa mikono yake hatokei kabisa katika soko hilo? Hutokea mara moja. Watumwa ni bidhaa mojawapo kati ya zile 17, nao hupimwa kwa tani, kama nguo na mashine. Haki idai isemwe kwamba biashara hiyo ni kinyume cha sheria za mchezo, na aifanyaye hutafutwa na askari. Hata hivyo jambo limebaki: mfanyakazi ameingia katika jedwali la soko kwa mlango wa shehena. Wakazi wengine wa sayari ni viumbe wa ajabu, ama ni wanadamu waitwao walowezi. Na katika ngazi 8 za serikali, zinazoanzia mahali pasipo serikali yoyote, ngazi ya mwisho na yenye amani kuliko zote ni dola ya makampuni.

Maneno hayo, walowezi na dola ya makampuni, husomwa kwa sauti nyingine katika Geita na Shinyanga. Huko dhahabu ina uzito, na uzito huo ni wa mawe. Mwamba wa Geita hutoa gramu chache tu kwa tani. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966, ukanyamaza, kisha ukafunguliwa upya mwaka 2000. Katika mkoa wa Shinyanga, upande wa Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996 ili kuupisha mgodi mkubwa, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001; Buzwagi ikafuata mwaka 2009. Jiwe la Bulyanhulu halikuwa jiwe lisilo na mwenyewe wa kuulizwa. Palikuwa na watu juu yake, na ubishi juu ya kuondolewa kwao uliendelea miaka mingi.

Wachimbaji wadogo wa mahali kama Nyarugusu na Rwamagasa wanayo lugha kamili ya kazi hiyo. Hushuka katika duara, ambalo kuta zake hushikiliwa kwa matimba. Mawe hupandishwa katika viroba, hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, huoshwa katika mwalo, na vumbi la dhahabu hushikwa kwa zebaki, ambayo huchomwa na kuacha sumu hewani. Mchanga uliokwisha kuoshwa ni marudio, nao huuzwa ili uchenjuliwe tena. Mawe yatupwayo na mgodi mkubwa watu wa Geita huyaita magwangala, na wameyadai kama haki. Kila hatua ina watu wake, na jina lake, na mgawo wake. Vito navyo ni hivyo hivyo. Almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, aliouanzisha John Williamson baada ya ugunduzi wa mwaka 1940, ina karati 54.5 ilipokuwa haijakatwa, yaani haikutimiza gramu 11. Lakini Mwadui ulikuwa ni mji mzima wa watu. Elite imeyaondoa yote hayo, ikabakiza gramu.

Patatokea pingamizi hapa, na lina nguvu. Itasemwa kwamba huu ni mchezo, uliotungwa na vijana wawili kwa mtambo wenye kumbukumbu haba. Asiye na nafasi ya kuandika orodha ya sayari atapata wapi nafasi ya mchimbaji? Pingamizi hilo lingetosha kwa toleo la kaseti. Halitoshi kwa toleo la prosesa ya pili. Hapo nafasi iliongezwa, na ilipoongezwa iliulizwa swali ambalo kila mtunzi huulizwa akipewa kurasa zaidi: utaweka nini? Jibu lilikuwa vyombo zaidi vya vita. Wala uchumi wa namna ya tisa usingekula kumbukumbu nyingi. Ni maneno machache katika jedwali. Kutokuwapo kwake hakukuletwa na ufinyu wa mtambo. Kuliletwa na mahali alipokaa mtungaji alipokuwa akitunga. Katika Uingereza ya mwaka 1984 dhahabu ilikuwa ni bei katika gazeti, na asiyewahi kuiona ila kama bei ataitunga kama bei. Kijitabu cha hadithi kilichofuatana na mchezo, kilichoandikwa na Robert Holdstock, kinaonyesha kwamba wachapishaji walitaka ulimwengu wenye watu. Jedwali la soko halikufuata.

Jambo la ajabu ni kwamba ukweli ambao mchezo haukuusema umesemwa na mtambo. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe na mirija yalikuwa maneno ya kila siku ya siasa. Mrija ulikuwa njia ambayo jasho la mmoja huingia kinywani mwa mwingine. Kupe alikuwa yule anenepaye bila kulima. Wahandisi wa Cambridge hawakuyajua matumizi hayo, wala hawakumdharau mtu. Walitafuta jina jepesi la kifaa kisichoweza kuishi peke yake. Lakini mgawanyo wa kazi walioutaja ndio huo huo. Mwenyeji hufanya kazi za mikono. Mwenye kuhesabu yuko upande wa pili wa mrija. Mwenyeji huchora mstari aliotumiwa, wala hajui ni hesabu gani iliyouzaa.

Kutojua huko ndiko kulikokuwa kiini cha mgogoro wa mwaka 1977 au 1987? La, mgogoro wenyewe ni wa juzi: ni wa makinikia, wa mwaka 2017. Makinikia ni mchanga wenye shaba, dhahabu na fedha uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, ukasafirishwa nje ili uyeyushwe huko. Mwezi wa Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa mwezi wa Mei kwamba kiasi cha dhahabu kilichomo ni kikubwa kupita kilichotajwa katika hati. Kampuni iliyoendesha migodi ikaikataa hesabu hiyo. Haifai uhakiki wa fasihi kuamua ni tarakimu ipi iliyo sahihi. Kinachofaa kuonwa ni kwamba pande mbili zilitazama mchanga ule ule na hazikukubaliana juu ya namba, kwa sababu kwa miaka mingi mchanga ulitoka upande mmoja na hesabu ya mwisho ilifanywa upande mwingine. Huo ni mpango wa vyumba viwili na mrija katikati. Si mpango wa sahani moja.

Walakini mhakiki akiishia hapo atakuwa amesoma nusu. Kiswahili kina neno jingine kwa aingiaye nyumbani mwa mwingine, nalo si kupe, ni mgeni. Wahenga husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja ni kanuni kamili ya kumpima aingiaye. Ya kwanza yauliza kama mwenyeji amepata nafuu; ya pili yauliza kama mgeni ameshika jembe. Neno la Acorn halina maswali hayo; kupe ni kupe siku ya kwanza na siku ya mia.

Ikipimwa kwa kanuni hiyo, prosesa ya pili yapata hukumu nzuri kuliko jina lake. BBC Micro bila kisanduku, kwa toleo la diski, ilikuwa na ulimwengu uliokatika vipande. Kwa kisanduku ulimwengu uliungana. Mwenyeji alipona. Na kisanduku bila mwenyeji kilikuwa kipofu na bubu, kisicho na kioo wala kibonye. Kwa hiyo jina la mgeni lingefaa zaidi, na mfasiri atakayeandika habari za mitambo hiyo kwa Kiswahili asilazimike kuchukua kupe kwa sababu tu Mwingereza alimchukua. Kwa kanuni hiyo hiyo yaweza kupimwa mapatano yaliyofuata mgogoro wa makinikia. Kampuni ya Barrick, iliyoichukua migodi hiyo mwaka 2019, iliafikiana na Serikali kuunda kampuni ya Twiga, na mapatano yakatiwa sahihi mwezi wa Januari 2020: Serikali ipate hisa za asilimia 16, na faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu. Kwa lugha ya mitambo, hilo ni jaribio la kuhama kutoka mrija kwenda sahani moja. Kama mwenyeji amepona, watakaojua ni watu wa Kahama, wala si jedwali.

Kuna sababu nyingine ya kuisoma Elite kutoka upande huu, nayo ni kwamba haikusomwa wakati wake. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuingizwa kwa kompyuta na televisheni ila kwa ruhusa maalumu, baada ya hasara na matatizo ya mitambo mikubwa ya hesabu za Serikali. Karibu na mwaka huo huo Kildall alikuwa akiiandika CP/M, na kompyuta za nyumbani zilikuwa mlangoni. Kumwogopa mgeni hakukuwa upumbavu. Nchi ilikuwa imekwisha kuona gharama ya mtambo ambao wenyeji hawakujua kuuongoza. Lakini matokeo yake ni kwamba Elite ilipotoka mwaka 1984 ilisifiwa na watu ambao dhahabu kwao ilikuwa bei. Swali rahisi, kwamba mgodi uko wapi, lilihitaji msomaji wa Geita, na msomaji huyo hakuwa na mtambo.

Lugha nayo ilichelewa kwa sababu hiyo, na neno makinikia ni ushahidi. Mzizi wake ni makini, na makinika ni kutulia na kukaza fikira. Yaonekana aliyeliunda alifuata Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa fikira iliyokazwa na kwa mchanga uliokusanywa nguvu yake. Kwa Kiswahili fikira ikaingia katika kontena. Neno limekwisha kukubalika, na haifai kulitupa. Lakini likiwekwa karibu na marudio, magwangala na duara, yaonekana wazi lipi lilitoka kwa waliolishika jiwe na lipi lilitoka kwa waliolisoma katika hati. Watakaotafuta istilahi za kompyuta watapata faida kubwa wakisikiliza mialoni kabla ya kufungua kamusi za kigeni.

Historia ya mgeni huyu ina hatua moja zaidi. Tarehe 26 Aprili 1985 prosesa ya kwanza ya aina ya ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber wa Acorn, ilifanya kazi kwa mara ya kwanza ikiwa imeungwa kwenye BBC Micro kwa mrija ule ule. Alikuwa kupe mwingine, kwa jina la wakati ule. Wazao wake ndio walio ndani ya karibu kila simu ya mkononi duniani, na katika Geita mwenye duara huitumia simu kuulizia bei ya dhahabu na kupokea malipo. Mgeni amekuwa mwenyeji, na hesabu iliyokuwa upande wa pili wa mrija imefika ukingoni mwa shimo.

Kwa hiyo hukumu juu ya Elite ni hii. Ni kazi kubwa kwa ustadi wa kuzaa mengi kutoka kidogo, na toleo lake la prosesa ya pili ndilo lenye ulimwengu uliounganika kuliko lile la diski. Upungufu wake ni wa jedwali: imeuza dhahabu bila kuichimba, na ilipopewa nafasi haikuona kitu kilichopungua. Wanafunzi wa Kiswahili wanaojifunza kutunga programu leo wana majedwali yao wenyewe ya kujaza. Ni juu yao kuamua kama aina ya tisa ya uchumi itakuwamo, na kama mtu wa mwalo ataingia kwa jina lake.